Kitabu cha Damu Nilichompa Pasta

Niseme tu niaibike mara moja yaishe: mimi, nyanya mzima, niliwahi kulipatia kanisa letu la Migosi zawadi ya shetani, na nikaipigia makofi.

Miaka ya tisini nilikuwa nauza vitabu vya mitumba soko la Kibuye. Niliviweka marundo matatu: vya shule, vya hadithi, vya dini. Kusoma nilifika darasa la pili, na Kiingereza ninachokijua ni cha nyimbo za kanisani, basi nikipata kitabu natafuta maneno yangu. Hicho cha zawadi kilikuwa na jalada jeusi, mnara, mtu wa kanzu ndefu, na ndani damu, msalaba, uzima wa milele, damu tena. Nikakitupa rundo la dini. Si ni wazi?

Wiki hiyo tulikuwa tunampokea pasta mpya kutoka Muhoroni, na akina mama walikuwa wamchague mwenyekiti siku hiyohiyo, mimi au Mama Penina (yule wa kucheka na pua). Nikakifunga kitabu kwa karatasi ya maua, nimpe pasta kila mtu akiona. Mjukuu wangu Atieno, aliyekuwa akisomea fasihi kule Maseno na akiniita Dani, yaani nyanya, akaniuliza, "Dani, nikiangalie kwanza?"

"Nimeuza vitabu kabla hujaota meno," nikamwambia. "Toa mkono."

Sasa kwetu mgeni akipewa Neno lazima alisome hapohapo, na mtu amtafsirie kwa Dholuo, na mtafsiri siku hiyo alikuwa nani? Atieno! Pasta akafungua katikati, akasoma. Atieno akaangalia lile jalada, akaniangalia mimi, akaanza kutafsiri.

"Jua lilipozama, bwana mkubwa akaamka kaburini."

"Amina!" kanisa zima, na mimi nikamgeukia Penina ili anione vizuri.

"Akaingia kwa dirisha la msichana aliyelala."

Amina zikapungua. Atieno akanong'ona, "Pasta, tuishie hapo," lakini Pasta alikuwa ameshasoma mstari uliofuata.

"Akamng'ata shingo, akanywa damu yake mpaka akashiba."

Mtoto mmoja akaanza kulia. Ningenyamaza hapo pengine ingepita, lakini mimi na kiburi changu nikasimama: "Pasta, endelea! Mbele ni kuzuri, kuna msalaba!" Maskini, akanitii, akafunua mbele, akaupata msalaba, na chini yake wanaume wanampigilia mwanamke mti kifuani ndani ya jeneza. Atieno alitafsiri akiwa amefunga macho.

"Mama Ouma," Penina akaniita, taratibu, kila mtu asikie, "hiyo injili umeitoa wapi?"

Kura sikupata hata moja. Hata mimi mwenyewe sikujiinulia mkono.

Njiani Atieno akanieleza kwamba ni hadithi maarufu ya maiti mnyonya damu, na wasomi bado wanabishana kuhusu rundo lake: wengine wanasema ni ya kutisha, zile za majumba ya kale na makaburi, wengine wanasema ni fasihi ya ajabu, ile inayokuacha hujui uamini au usiamini. "Lakini Dani," akasema, "hakuna aliyewahi kuiweka kwa dini."

Basi wa kwanza ni mimi.

Nilitengeneza rundo la nne, la vitabu nisivyovijua, na hakuna kilichotoka hapo bila Atieno kukisoma. Rundo hilo, niwaambie ukweli, lilikuwa kubwa kuliko yote matatu.