Fundo la Kitenge cha Bukavu

Sisi bamama wa Kamembe tunaouza huku Rwanda na ng'ambo Congo tuna desturi yetu: vitenge viwili. Cha kwendea Bukavu kina fundo la pesa za Congo, cha nyumbani kina fundo la pesa za Rwanda, na ole wako uvichanganye. Mimi nilivichanganya asubuhi moja nikiwa kwa mama yangu kisiwani Nkombo, mtoto wangu wa kwanza alipoamka mwili unawaka na macho yamegeuka. Nilimpigia simu mume wangu atungoje ufukweni Kamembe na pikipiki ya kwenda hospitali. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikajifunga kitenge kilichokuwa karibu, nikateremka mlima mbio hadi kwenye boti.

Pale unalipa kabla injini haijawaka. Mwenye boti alipita akinyoosha mkono. Nikafungua fundo. Yarabi! Pesa za Congo tupu.

"Maman, hizi mi sikamate," alisema. "Juzi nilipewa kama hizi, hakuna muntu alizitaka. Shuka, utapanda ya saa nane."

"Nishuke? Mtoto humwoni?"

Nilimtukana hadi babu zake, maana mdomo wangu hauna breki. Kurudi kwa mama mlimani na kushuka tena ni saa nzima. Mtoto alikuwa ameacha hata kulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Hapo nikamwona muuza sambaza kwenye benchi la mbele, beseni lake la samaki mapajani. Wiki moja nyuma alikuja kwenye meza yangu sokoni kununua sabuni kwa pesa za Congo, nami nikamrushia noti zake mbele ya watu. "Peleka Bukavu, hapa si ng'ambo!" Watu walicheka sana. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Niliinamisha kichwa, nikajua leo ni zamu yake kucheka.

Hakucheka. Alimgusa mtoto shingoni, akamgeukia mwenye boti.

"Papa, nauli yangu nilishakulipa. Iwe ya huyu."

"Na wewe?"

"Sina ingine. Nitangoja ya saa nane."

Sote tulijua sambaza hazingoji saa nane, jua lilikuwa limeshakuwa kali. Alijitwika beseni, akashuka majini hadi magotini. Mwenye boti akavuta kamba ya injini.

Mtoto alipona, na siku hizi ananizidi urefu. Lakini siku ile, tukiwa tayari mbali na kisiwa, nilitazama mkono wangu nikaona zile noti za Congo bado nimezishika. Sikuwa nimempa yule muuza sambaza. Hata ahsante sikuwa nimesema. Nikasimama, nikamwita kwa sauti yangu yote, ile ile ya sokoni, injini ikaimeza. Yeye alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevua leso yake kichwani, anafunika samaki.