Msamaha wa Watu wa Mbali

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema, kabla hamjaambiwa na majirani. Baba aliletwa Garissa na serikali kuwa karani, akastaafu, akarudi bara. Mimi nikabaki na nyumba, feni, na tabia ya kutotoka nje jua likishapita saa tatu. Nina cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo hazijawahi kunisihi niende mbali.

Rafiki yangu alikuwa kinyume changu. Tulikaa dawati moja sekondari, yeye kijana wa Kisomali kutoka Balambala, mtu asiyeweza kukaa mahali akamaliza chai. Alijifunza kuandika programu kwa simu, kisha kwa laptopu ya mtumba. Akatengeneza programu ya silanga na visima. Silanga ni yale mabwawa ya kuchimbwa ambako wafugaji hunywesha mifugo wakati wa kiangazi. Mfugaji anatuma ujumbe kwamba maji yapo au yamekwisha, na mwenzake aliye mbali anajua kabla hajawaswaga ngamia siku tatu bure.

Alipoimaliza hakuiuza. Aliiweka kwenye mtandao ule ambao waandishi wa programu huanika kazi zao wazi, anayetaka aisome, aichukue, aikosoe, airekebishe. Mimi akanipa kazi ya kuandika maelezo ya matumizi, kwa Kiswahili na Kiingereza.

"Wewe kipaji chako ni kukaa," aliniambia. "Basi kaa uandike."

Kwa miaka minne niliwafundisha watu wa dunia jinsi ya kutoa habari za silanga. Sikuwa nimeiona silanga hata moja.

Watu wa nchi nyingine kavu wakaichukua programu ile. Kwenye mtandao huo kila kazi ina ukurasa wa maombi: mtu anaandika kinachomsumbua, mwenye kazi anamjibu. Mmoja alitaka ifunguke kwenye simu za zamani, mwingine aliitaka kwa lugha yao. Rafiki yangu hakuumbwa na neno hapana. Wote aliwajibu jibu moja: nitaifanya, inshallah.

"Ukiombwa uongeze mvua utakubali," nilimtania.

"Mvua si yangu," akasema. "Lakini nitaangalia."

Alikufa mwaka jana, kiangazi kikiwa katikati, kwa homa ya siku nne. Walimzika Balambala siku ileile, kama desturi yao ilivyo. Nilifika udongo umeshatulia. Nilichelewa kwa sababu nyumbani kwangu hakukuwa na viatu vya safari, kulikuwa na ndara tu, nikapoteza asubuhi nikitafuta vya kuazima. Hilo sijamwambia mtu.

Niliambiwa kwamba kabla ya kumzika, kaka yake alisimama mbele ya watu akauliza nani anamdai marehemu, nani alikosewa naye. Waliokuwepo wakasema wamemsamehe. Mama yake akatulia. Wiki tatu baadaye alibisha mlangoni kwangu, simu ya mwanawe ameifunga kwenye ncha ya mtandio.

"Karibu, Hooyo," nikasema. Hooyo ndiyo mama kwa Kisomali. Naye aliniita hooyo vilevile, maana kwao mama humrudishia mtoto jina hilohilo.

"Hooyo, kijana yangu aliambia watu wangapi nitafanya?"

Sikuelewa. Akaifungua ile simu, akanionyesha ukurasa wa maombi. "Binti yangu amenisomea. Anasema watu hapa walikuwa nangoja yeye. Wangapi?"

Nikahesabu. "Kumi na tisa. Lakini hiyo si ahadi ya kweli, Hooyo. Ni mambo ya kompyuta. Hao watu hata hawamjui."

"Mungu najua wao?"

"Anawajua."

"Basi andika."

Nikajaribu ujanja wa mvivu. Nikamwambia nimesikia kwamba mtu akisema inshallah hafungwi.

"Wao walisikia nini?" akauliza. "Walisikia nitafanya. Andika."

Nikaandika, mara kumi na tisa, kwa Kiingereza ambacho mwalimu wangu angekijaza wino mwekundu: Mwenye kazi hii amefariki. Alikuahidi jambo, hakulimaliza. Mama yake anaomba umsamehe.

Alikuwa amefikia kwa jamaa zake karibu na soko la mifugo. Kila alasiri akaja, akaketi kwenye kiti cha baba, nikamsomea majibu.

"Huyu ameweka moyo," nikasema.

"Moyo ya nini?"

"Mchoro wa moyo, mwekundu. Ndivyo wanavyofanya huko."

"Amesema amesamehe?"

"Ameweka moyo, Hooyo."

"Moyo si mdomo. Mwambie aseme. Na huyu?"

"Huyu ameweka kidole gumba."

"Kidole!" Alinitazama kana kwamba ni changu. "Kijana yangu amekufa, yeye naleta kidole?"

Ikabidi niwaandikie tena wahandisi wa watu: asante kwa moyo, asante kwa kidole, lakini mama anaomba mseme kwa maneno. Nilibonyeza huku nimefumba jicho moja. Nilijua watatucheka.

Hakuna aliyecheka. Wengi walirudi siku hiyohiyo, wakasema. Mmoja aliandika karibu ukurasa mzima kuhusu baba yake mwenyewe, aliyekufa hawajasemezana. Mwingine alijibu kwa lugha ambayo sikuijua hata jina. Mama akataka kuisikia hivyohivyo. Simu ikaisoma kwa sauti, naye akainamisha kichwa mpaka mwisho.

"Huyo amesema," akaamua.

Waliosamehe wakafika kumi na wanane. Aliyebaki alikuwa mfugaji wa nchi kavu ya mbali, aliyeomba iongezwe alama ya maji machungu, maana programu ilisema maji yapo bila kusema ni maji gani. Rafiki yangu alikuwa amemwahidi wiki moja. Ukapita mwaka. Jibu lake nililisoma kwanza kimya, nikatamani niligeuze kidogo. Nikashindwa. Mama alikuwa ananitazama mdomoni.

Aliandika: Poleni kwa msiba. Siwezi kusema si kitu. Tulifuata maji yaliyoonyeshwa kwenye simu, tukayakuta machungu, mbuzi wa mama yangu wakanywa kwa kiu, wakafa njiani. Mwanao nilimwambia, na alisema atafanya.

Feni ilizunguka. Mama akakunja mtandio magotini, akaukunjua, akaukunja tena.

"Huyu ndiye mtu wa kweli," akasema. "Huyu usimwombe tena. Mfanyie."

"Hooyo, mimi huandika maelezo tu. Undani wake siujui."

"Undani yake alijua mtu moja. Yuko chini ya mchanga. Nani amebaki?"

Nilitazama nyuma yangu, kama mjinga, kana kwamba yuko mwingine.

Aliponiuliza ile alama nitaichora vipi, nikasema tone la maji lenye mkato wa mstari. Akatikisa kichwa, akaniambia nivae viatu. Kesho yake alinipeleka kwao Balambala, kando ya mto, na kutoka hapo tukatembea asubuhi nzima, mimi nikihema, yeye akinisubiri bila kusema kitu, jambo lililoniuma kuliko kusemwa. Tulipofika kwenye kisima cha kwanza alinipa maji kwa kiganja. Nikatema.

"Ngamia nakunywa hii," akasema. "Nakunywa vizuri. Mbuzi hapana."

Silanga ilikuwa mbele zaidi, maji yamebaki katikati kama uji. Hayo, akasema, mbuzi atakunywa, lakini aliye na mimba azuiwe. Nikaelewa kwamba mkato wangu ungewadanganya watu upya. Maji hayawi mabaya tu, yanakuwa mabaya kwa mnyama fulani. Rafiki yangu angelijua hilo bila kuambiwa. Mimi niliandika kwenye mkono, kwa kalamu, kwa kuwa karatasi niliiacha nyumbani.

Kazi ilinichukua mwezi. Niliivunja programu mara nyingi. Watu watatu kati ya wale kumi na wanane, hata mmoja sijawahi kumwona sura, walisoma nilichoandika, wakanionyesha palipooza, wakanisahihisha taratibu kama anayefundishwa kutembea. Mwishowe ikasimama: ngamia, ng'ombe, mbuzi, kila mmoja na alama yake pembeni ya maji. Nikamwandikia yule mfugaji kwamba ipo, aijaribu.

Hakujibu siku tisa. Mama alikuwa amerudi Balambala. Alinipigia kila alasiri, nami kila alasiri nikamwambia bado. Siku ya kumi nilimpigia mimi.

"Soma," akasema, kabla sijamsalimu.

Nikasoma. "Nimemsamehe mwanao kwa moyo wangu wote, na mama yangu amemsamehe. Alama zinafanya kazi. Lakini punda mmewasahau. Huku kwetu punda ni wengi."



"Hiyo ya punda si ya kijana yangu," akasema.

"Hapana, Hooyo. Hiyo ni yangu."

"Utamwambia nini?"

"Sitamwambia kitu mpaka niimalize."

"Ndiyo." Nikasikia akivuta pumzi. "Sasa soma ile ya kwanza tena. Polepole."

Nikasoma.