Mafuta ya Ulaya ya Massoud

Massoud wa mtaa wa Usagara alijaliwa ulimi wa kusifu vya mbali na pua ya kukunjia vya karibu. Mkate wa kumimina wa mkewe Hafsa aliuita chakula cha washamba, ingawa sahani aliifuta kwa kidole. Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga. Huyu alikataa mpaka jiko lililomlisha.

Kitu kimoja tu kilimpa jina mjini: ndege ndogo ya mbao, yenye injini isiyofika ngumi ya mtoto, aliyouziwa na baharia bandarini. Kila Idi pili aliirusha uwanjani, yeye katikati ameshika mpini wa waya zilizofungwa kwenye ndege, nayo ikimzunguka ikilia kama nyigu. Injini ilikuwa hiyo moja. Ikifa, Massoud anarudi kuwa karani wa godauni kama makarani wengine.

Injini ile hainywi petroli. Hutaka methanoli, spiriti kali ya viwandani, ichanganywe na mafuta ya nyonyo, sehemu nne kwa moja. Spiriti iwake, mafuta yalainishe chuma. Methanoli aliipata kwa rafiki wa kiwandani. Mafuta, miaka ile ya foleni za sabuni na unga wa njano, alitengenezewa na Hafsa. Alikaanga mbegu, akatwanga, akachemsha, akaengua, kisha akayarudisha motoni mpaka yaache kutatarika, maana maji yakibaki injini haiwaki. Na shukrani ya bwana? Aliyamimina katika kopo la kigeni na kuwatangazia watu kuwa ni ya Ulaya. Mwanamume mzima, anamwonea mkewe haya kwa sababu ya mafuta!

Serikali ilipolegeza biashara na maduka yakajaa vitu vya nje, Massoud alirudi nyumbani na kopo jekundu lenye picha ya gari la mashindano. Mafuta ya magari.

"Haya ndiyo mafuta," alimwambia Hafsa. "Si yale matope yako."

"Muuzaji kakwambia yafaa ndege?"

"Weye wajua nini? Ya Ulaya haya!"

Mafuta yale hayapatani na methanoli. Yalizama chini ya chupa, spiriti ikakaa juu, mpaka wake ukionekana hata na mwenye mtoto wa jicho. Mwenye akili angeshtuka. Massoud aliitikisa chupa, ikawa nyeupe kama maziwa, akaridhika. Dawa ya kikohozi nayo si hutikiswa?

Idi pili uwanja ulifurika. Aliitikisa chupa kwa mbwembwe, akaiweka chini apokee heshima zake. Idi haina salamu fupi, na Massoud alikuwa na njaa ya shikamoo kuliko ya pilau. Huyu kapewa mkono wa Idi, yule kaulizwa hali ya mama yake aliyeko Mkwaja. Mafuta yakalala chini ya chupa. Alipokwisha kusifiwa, akaiinua taratibu na kumimina ya juu tu kwenye tangi. Spiriti tupu.

Injini ilishika mara moja, ikalia kwa sauti nyembamba isiyo yake. Jirani yake Miraji, aliyemshikia ndege, akauliza, "Bwana Massoud, mbona yalia vibaya?"

"Achia! Usinifundishe."

Ndege ikapaa, ikazunguka kidogo, ikanyamaza ghafla na kushuka majanini. Miraji alisukuma panga linalozungushwa na injini kwa kidole, kisha kwa kiganja. Chuma kilikuwa kimeng'ang'ania chuma, na hakikugeuka.

Angesema nimekosea, watu wangempa pole wakaenda zao kula. Lakini mtu duni hatafuti kosa lake maadamu ana mke.

"Hafsa kaichezea chupa yangu!" alipiga kelele. "Kaitia yale matope yake!"

Hafsa alikuwa amesimama na wanawake wenzake. Sauti hakuipandisha.

"Ndege hii siku zote imeruka kwa hayo matope, bwana, na leo hayamo. Sasa irushe kwa huo mdomo, ndio uliobaki mzima."

Hakuna aliyecheka. Wanawake walimpisha Hafsa apite, kisha wakamfuata, na waume zao nyuma yao.