Baba Mkwe

Maranda ya paina yana harufu kali hapa Mafinga. Fundi amemaliza kupiga randa msalaba wa kaburi la baba wa babu yangu. Anashika patasi, ananiuliza tuchonge jina gani.

Kwa mawazo narudi utotoni, jikoni kwa bibi, kule Rungwe, kwenye moshi wa kuni mbichi. Bibi alikuwa anamenya ndizi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Kati ya waliomjua yule mzee, alibaki yeye peke yake. Alinisimulia jinsi mzee alivyokwenda Makongolosi kwa miguu kuchimba dhahabu, akarudi na kikohozi na sufuria. Alinisimulia hata alivyopenda maziwa mgando.

"Alikuwa anaitwa nani, bibi?"

"Baba wa babu yako."

"Jina lake."

"Mume wangu," alinitania kama bibi anavyomtania mjukuu, "mkamwana hataji jina la baba mkwe. Unataka waseme umeoa mke asiye na adabu?"

"Lakini alishakufa. Hatasikia."

"Na mimi nitakayelitamka, nitaziba masikio?"

Nilipiga teke maganda ya ndizi yakatawanyika hadi mlangoni. Alicheka, akanituma kuni. Nilimuuliza tena na tena, mpaka akazikwa nalo.

"Kaka, jina," fundi anasema.

"Andika Baba Mkwe."

"Baba mkwe wa nani?"

Nasaga meno, kisha namtajia jina la bibi, herufi moja moja.