Mkaguzi Aliyekatazwa Mkate

Mwoka mikate waliyemwita Hamira hakulipata jina hilo kwa sababu ya kazi yake tu. Alilipata kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumharakisha akafanikiwa. Ukimwita, anaitika, kufika, atafika akiwa tayari. Wenzake pale bekari walishamzoea. Walijua pia kwamba donge likipita mikononi mwake litaumuka tu, hata siku za baridi, hata siku umeme unapokatikakatika na kila mtu ameshika tama.

Kazi yao ilianza watu wengine wakiwa wanakoroma, kwa hiyo Hamira alirudi nyumbani wakati majirani ndio kwanza wanafikiria chakula cha mchana. Alirudi na mkate kwapani, mmoja wa wale wa kwanza kutoka tanurini, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Huo ulikuwa wa mkewe. Tangu waoane ilikuwa hivyo: anaingia, anavua viatu, anakata ile ncha yenye ganda gumu, anampa, kisha anakaa mbele yake na kuuliza, "Leo vipi?"

Mkewe alitafuna bila haraka, macho dirishani, kisha akatoa hukumu. "Leo mmeuonea, hamkuupa muda wa kulala." "Leo sina neno." "Leo mlikuwa mnapiga soga, ganda limeungua." Hukumu hiyo Hamira aliibeba kesho yake hadi kazini, na wanaume wazima wenye unga mpaka kwenye nyusi waliacha kila kitu kumsikiliza. Walimwita mama yule Mkaguzi. Wengi wao hawakuwahi kumtia machoni, ila walimwogopa kuliko mwenye bekari.

Basi Mkaguzi akapata sukari. Si ile ya kwenye chai. Ile ya kwenye damu. Mwanzoni hakuitilia maanani sana. Alimeza vidonge vyake, akapunguza vitu vitamu, akaendelea na maisha. Kisha kiatu kikamchubua karibu na kidole gumba cha mguu, mahali ambapo mimi na wewe tungebandika plasta na kusahau. Yeye kidonda kilikataa kupona. Akahama kwenye viatu akaingia kwenye ndala, mguu mmoja mtupu na mwingine umefungwa bendeji, akawa anatembea kwa kushikashika kuta za nyumba yake mwenyewe.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke mpole, lakini si wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikisafisha kidonda, akakifunga upya, akawatazama wote wawili.

"Mama, vidonge peke yake havitoshi. Punguza wanga, na mkate uache kabisa. Sukari ikikaa juu hivi, kidonda hakitafunga, na nisingependa tufike mahali pa kuzungumzia kukata kidole. Au zaidi ya kidole."

Hamira alishtuka kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa polisi. Njiani alimwapia mkewe kwamba hatamkatia mkate tena, na kweli hakumkatia. Mkate wa nyumbani aliendelea kuuleta, maana na yeye anakula, lakini alijikatia mwenyewe.

Siku zikapita. Kidonda hakikusogea. Waliporudi zahanati muuguzi alimtoboa mama kidole, akakitazama kipimo, akakunja uso.

"Mama, mkate umeacha?"

Mama aliangalia sakafu. "Nakula kidogo tu. Ncha."

"Ncha ipi?" Hamira akadakia. "Nani anakupa?"

"Hakuna anayenipa. Najikatia ukienda kuoga."

"Kwa nini, mama watoto?"

"Si unaniuliza! Kila siku unaweka mkate mezani, unasema 'Leo vipi?', halafu huyo bafuni. Ukitoka unanitazama. Nikujibu nini? Nikudanganye?"

 Ilikuwa kweli. Swali lile lilimtoka Hamira kila siku bila yeye kujua, kama mtu anavyopiga hodi kwenye mlango alioufungua mwenyewe. Na kila siku alipata jibu, akalibeba kwa furaha mpaka kazini, wala hakujiuliza mkewe angelijuaje bila kuutia mkate mdomoni. Alijisikia vibaya sana, na alistahili.

Kuanzia hapo akawa anarudi mikono mitupu. Swali akalimeza. Pale bekari wakimuuliza Mkaguzi kasemaje, alijibu, "Mkaguzi yuko likizo," akageukia donge lake. Kazi aliifanya, mikate ilitoka, lakini alioka kama mtu anayeongea na chumba kitupu.

Nyumbani hali haikuwa nzuri zaidi. Mama alikunywa supu yake ya mboga, alikula mayai yake ya kuchemsha, hakulalamika. Lakini Hamira aliona kitu kilichomuuma. Mkono mmoja ulishika kijiko, ule mwingine, uliozoea kushika mkate, ulibaki ukitembea juu ya kitambaa cha meza, ukitafuta. Ukigusa chumvi unaiacha. Ukigusa glasi unaiacha. Mwisho unarudi mapajani.

Alimsimulia kitinda mimba wao, binti fundi cherehani anayekaa mtaa wa pili. Binti hakulaza damu. Alikuja na kijimashine cheusi kinachofunguka na kufungika, ndani kina vyuma viwili vyenye vishimo vya mraba.

"Hii ni ya kuokea wafo, Baba. Unavunja yai moja, unatia konzi ya jibini iliyokunwa, unakoroga, unamimina, unafunga. Inatoka kimkate bapa, Mama anakula na supu."

"Unga kiasi gani?"

"Hakuna unga. Ndiyo maana yake."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe."

"Na hamira?"

"Baba!"

Hamira alikitazama kile kijimashine kwa dharau ambayo hakujaribu kuificha. Kitu kisicho na unga, kisichokandwa, kisicholala, eti kikae mahali pa mkate! Lakini alimtazama mkewe, akautazama mguu ulioegemezwa juu ya kigoda, akapiga moyo konde.

Siku ya kwanza alikoroga yai na jibini kwenye bakuli, akalifunika kwa kitambaa chenye unyevu, akaliweka dirishani penye jua, akavuta kiti. Mkewe akaja akichechemea.

"Unangoja nini?"

"Uumuke."

"Mume wangu, hilo ni yai."

Akacheka mpaka akashika meza. Tangu kidonda kianze hakuwa amecheka namna ile, na Hamira, aliyetaka kununa, akashindwa.

Siku ya pili mkono wa Hamira ulichota chumvi wenyewe, kama ulivyozoea kuchota kwa ajili ya unga, ukasahau kwamba jibini imeshatiwa chumvi huko ilikotoka. Mama alionja akamaliza jagi la maji. Siku iliyofuata Hamira, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alifanya haraka: alifungua mashine kabla ya wakati, wafo ikachanika, nusu ikang'ang'ania chuma cha juu, nusu cha chini, akazibandua kwa kijiko huku akiongea peke yake maneno yasiyofaa kuandikwa.

Halafu likatokea lile jambo la unga. Siku hiyo wafo ilitoka nzima, ya rangi ya kahawia, kingo zimekauka vizuri. Aliiweka kwenye sahani akajipongeza kimoyomoyo. Mama akaimega, akaipeleka mdomoni. Ndipo Hamira alipoangalia vidole vyake. Vilikuwa vyeupe. Kabla ya kumimina alikuwa amefungua kopo la unga na kuvinyunyizia vile vyuma ili visigandishe, kama anavyonyunyizia meza na trei kila siku ya Mungu, wala hakukumbuka kufanya hivyo.

"Tema!" alipiga kelele. "Tema, tema, tema!"

Mama alitema kiganjani, macho yamemtoka. "Kuna nini? Sumu?"

"Unga."

 Mtu aliyelishwa na kuvishwa na unga tangu ujana wake alikuwa amesimama jikoni akipiga kelele kwa sababu ya vumbi la unga ambalo lisingejaza hata kijiko. Muuguzi angewaambia kiasi kile si kitu. Lakini Hamira alikuwa ameshaona mguu ule ukikatwa, ameuona waziwazi kichwani, na akasema hivyo hivyo: "Mama watoto, naogopa. Naogopa mkono wangu ndio utakaokukata mguu."

Mkewe alimshika ule mkono mweupe, akaufuta kwa aproni yake, kidole kimoja kimoja. Jioni ile kopo la unga lilihamia kwa binti yao, na halikurudi.

Baada ya hapo mambo yalinyooka. Hamira aligundua kwamba mashine ile nayo ina lugha yake: ukifunga inatoa mvuke, na mvuke ukikata, wafo imeiva. Hapo hakuna haraka, na kutokuwa na haraka ndiyo fani yake. Wafo zikawa zinatoka ngumu nje na laini ndani. Mama alichovya kwenye supu, na ule mkono wake mwingine ukapata cha kushika. Hamira alitamani kumuuliza. Swali lilifika kooni, akalirudisha, akaenda kuosha vyombo. Aliapa hatamuuliza tena mwanamke yule jambo ambalo jibu lake lazima lipitie mdomoni. Mama alimtazama mgongo, akaendelea kuchovya.

Sukari ikaanza kushuka. Muuguzi aliwapa hongera, akaongeza kwamba vidonge visiachwe na kidonda kiendelee kufungwa, akaona nyama mpya pembeni. Kidonda kikawa kinafunga kidogo kidogo, mpaka siku moja bendeji haikuhitajika.

Asubuhi moja, trei za kwanza zikiwa zimetoka tanurini, mlango wa bekari ulisukumwa. Aliingia mwanamke mwenye mkoba begani. Hamira aliona viatu kabla ya kuona uso: viatu viwili vya kufunika, vimepigwa rangi, vinatembea sakafuni bila kushika ukuta.

"Ndiye Mkaguzi," alisema mtu kwa sauti ya chini, na mwingine akavua kofia.

Mama aliwasalimia, wakaitikia kwa heshima. Alichukua mkate kwenye trei akaugeuza, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Akaunusa. Akaubonyeza ubavuni akangoja urudi. Mtu mzima mmoja akameza mate.

"Leo mmeutoa mapema," akasema. "Katikati bado unalia."

Wakaukata. Katikati ulikuwa na unyevu kama alivyosema.

"Kumbe unaweza kujua bila kuonja?" Hamira aliuliza.

"Siku zote."

"Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unaonja kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unakaa mbele yangu unaningoja."

 Mkewe alifungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe, kile kile cha kufungia mkate. Ndani mlikuwa na wafo, ingali na joto kidogo.

"Hii nimeoka mwenyewe," akasema. "Kaa."

Hamira akakaa juu ya gunia la unga. Mama alimega kipande cha pembeni, pale penye ganda gumu, akampa. Kisha akajivutia gunia lingine, akakaa mbele yake, ule mguu umenyooshwa ndani ya kiatu chake.

"Haya," akasema. "Leo vipi?"

Bekari nzima ilisimama. Hamira alitafuna bila haraka, macho yake kwenye kile kiatu.

"Chumvi iko sawa," akasema. Akanyoosha mkono, akaomba kipande kingine.