Mgeni wa Mama Vivian

Beldina Kweyu ameishi Nairobi miaka mingi kuliko aliyoishi kwao Butere, lakini mpaka Agosti iliyopita alikuwa bado akimwona askari mbele yake, anavuka barabara. Hakuwa na kosa lolote. Mwaka wake wa kwanza mjini, alipokuwa akichoma mahindi kando ya Jogoo Road, kanjo, wale askari wa jiji, walimzoa pamoja na jiko lake, akalala korokoroni akiwa na kandambili ya mguu mmoja. Yaliyomfika humo hakumwambia mtu, hata mumewe. Mumewe huyo, Lusweti, ambaye ni dereva wa malori ya Malaba na hubishana na polisi wa barabarani kila uchao, alikuwa akimtania: "Mama Vivian, wewe utavuka barabara mpaka utokee Uganda."

Alipata kazi katika kiwanda kimoja cha sabuni, Industrial Area, upande wa kupakia, na huko akajulikana kama mwanamke asiyejibu. Msimamizi wake, Matheka, alikuwa na mazoea ya kufoka, naye Beldina alikuwa na mazoea ya kuinamisha kichwa na kuendelea kupanga miche kwenye katoni.

Kitu kimoja tu ndicho alichojivunia, Kiswahili chake. Shuleni alikuwa akikariri mashairi mbele ya wageni wa heshima, na mpaka leo mtu akisema "vitu hizi" mbele yake, anakunja uso kana kwamba amekanyagwa. Ndiyo maana Frankline alipomjia baada ya ibada kumwomba apokee mgeni, alikubali kabla hajamaliza kueleza. Frankline alikulia papo hapo Shauri Moyo, na sasa aliendesha mradi mdogo wa kuwaleta vijana wa ng'ambo wakati wa likizo yao ya kiangazi, waishi na familia na kujifunza lugha kwa kuoga ndani yake, kama alivyopenda kusema. Sharti lilikuwa moja: tangu mgeni aingie mlangoni mpaka aondoke, Kiswahili kitupu. Vijana wenyewe walikula kiapo.

Aliyeletwa kwa Beldina aliitwa Idil, msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, mwenye hijabu ya kijivu na macho ya kuuliza. Wazazi wake ni Wasomali, yeye kazaliwa Denmark. Nyanyake aliwahi kuishi Nairobi zamani, na alipozeeka akili ikamchezea, akawa anaongea Kiswahili tu siku nzima, na hakuna mtu nyumbani aliyemwelewa. Alikufa hivyo. Idil aliyaeleza haya kwa maneno machache aliyokuwa nayo, akijikwaa, siku ya pili tu, huku akimenya vitunguu. Beldina aligeuka akajifanya anatafuta chumvi.

Basi wakaanza. Beldina alinunua nyama kwa muuzaji Mwislamu kule Pumwani, akatenga sufuria mpya ya mgeni, na kila jioni, baridi ya Agosti ikiwa imejaa nyumba, akamfundisha ngeli mezani. Kikombe hiki, vikombe hivi. Ukuta huu, kuta hizi. Lakini mchana Beldina alikuwa kazini, na mwalimu wa mchana alikuwa Vivian, bintiye wa kidato cha pili aliyekuwa likizoni, pamoja na kikosi kizima cha marafiki zake wa mtaa.

Jumapili moja ya wiki ya tatu, Idil aliingia kutoka nje, akavua viatu na kusema, "Mathe, niaje? Naskia njaa ka noma."

Vivian alicheka mpaka akashika ukuta. Beldina hakucheka.

"Nani mathe?"

"Wewe," Idil akasema, akitabasamu.

"Mimi ni mama. Na sema ninasikia njaa, siyo naskia. Wazazi wako hawakukutuma huku ujifunze lugha ya vijiweni."

"Lakini Mama, hivyo ndivyo watu wanaongea."

"Wanavyoongea," Beldina akasahihisha.

Kila Ijumaa Idil alikuwa akienda kuswali Pumwani, naye Vivian alitakiwa kumsindikiza mpaka karibu na msikiti, amngoje. Ijumaa ya wiki ya nne Vivian alikuwa amekalia kigoda cha msusi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. Idil akamwambia njia anaijua. Kumbe huko msikitini alikuwa amepata rafiki, Nasra, msichana wa Majengo aliyemaliza shule na kuomba kitambulisho mwaka uliotangulia, na bado alikuwa akiambiwa arudi kesho. Baada ya swala walitoka pamoja, wakinunuliana miwa ya kukatwa, na walipofika kwenye kona moja wakakuta askari wamepanga watu ukutani.

Beldina aliitwa langoni mwa kiwanda. Alimkuta Vivian amesimama mvuani, kichwa nusu nusu, analia.

"Mama, wamembeba Idil. Kuna mtoto amewaona wakipelekwa kituoni. Simu yake haishiki."

Beldina alirudi ndani kumwomba Matheka ruhusa, akamweleza kwa kifupi.

"Ni mtoto wako wa kuzaa?" Matheka akauliza.

"Hapana, lakini..."

"Basi zamu bado haijaisha."

Beldina alimtazama, kisha akafungua kamba za aproni, akaikunja, akaiweka juu ya katoni. Langoni alimkuta Vivian bado mvuani, wakaondoka pamoja.

Njiani alimpigia Frankline. Frankline alikuwa Ngong na wanafunzi wengine, na pasipoti zote alizifungia ofisini mjini zisije zikaibwa. "Nakuja," akasema, sauti imembadilika. "Napitia ofisini, nakuja. Mama Vivian, usiwaache wamwondoe hapo."

Mbele ya kituo Beldina alisimama. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na duka la vyuma, na miguu ilitaka kwenda huko. Vivian alimshika mkono. Wakaingia.

Ndani kulinuka dawa ya sakafu na nguo mbichi. Kwenye benchi refu walikaa watu kama kumi na wawili, wengi wao vijana, na mwishoni kabisa alikuwa Idil, ameshikana mikono na msichana ambaye Beldina hakumjua. Alipomwona Beldina aliinuka nusu, akaambiwa aketi.

Nyuma ya kaunta alikuwa sajini mmoja wa kike, mnene, mwenye uso wa kuchoka, na kando yake askari kijana aliyevaa kiraia, jaketi la jinzi.

"Huyu ni wako?" sajini akauliza.

"Ni wangu, afande."

"Jina lako?"

"Beldina Kweyu."

"Beldina Kweyu," kijana akarudia taratibu. "Na huyu anaitwa Idil. Ulimzaa vipi?"

"Ni mgeni wangu. Ametoka Denmark kujifunza Kiswahili."

Kijana akacheka, akamgeukia sajini. "Unajua aliniambia nini kule barabarani? 'Afande, mi si wa huku, nimekam tu kujifunza lugha. Paspoti iko kwa Frankline, manze, si umpigie?' Huko Denmark wanasema manze? Huyu ni wa hapa hapa Eastleigh. Anatuchezea."

Beldina alimwangalia Idil, na Idil akateremsha macho. Msichana wa watu alikuwa amejifunza vizuri mno. Ungemfumba mtu macho, angeapa kwamba huyu amekulia baina ya Gikomba na Makongeni.

"Amefundishwa na watoto wetu wa mtaa," Beldina akasema. "Amekula kiapo asiongee lugha nyingine. Muulize kwa Kiingereza."

"Nimemuuliza. Anakijua, na wengi hapa wanakijua. Kitambulisho hana."

"Ana miaka kumi na sita. Angekipata wapi?"

"Wote hapo wana kumi na sita," kijana akasema, akionyesha benchi, na mzee mmoja mwenye mvi pale benchini akaguna.

Sajini aliinua mkono. "Mama, sikiliza. Lori linakuja jioni hii. Wasio na kitambulisho wanapelekwa kwingine wakakaguliwe. Ukileta pasipoti kabla, sawa. Lori likifika kabla ya pasipoti, litaondoka naye."

"Litaondoka kwenda wapi?"

"Hilo si lako."

Siku nyingine yoyote hapo ndipo Beldina angeinamisha kichwa. Alihisi kichwa chake kikitaka kuinama. Lakini Idil alikuwa akimtazama sasa, na Beldina akakumbuka harufu ya selo ile, na mkono wa mtu gizani. Alizunguka kaunta, akaenda mpaka mwisho wa benchi, akajibana baina ya Idil na ukuta, akaketi.

"Mama, inuka hapo."

"Huyu nimekabidhiwa na mama yake. Lori likija, niandikeni na mimi. Beldina Kweyu. Kitambulisho ninacho, lakini nitapanda."

Kijana alipiga hatua mbili. Sajini akamwita kwa jina la ukoo, kwa sauti ya chini, na kijana akasimama. Mvua iligonga mabati.

"Mathe," Idil akanong'ona.

"Naam."

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Nishike."

Wakakaa hivyo. Vivian alikuwa mlangoni akimpigia Frankline kila baada ya muda, na kila mara alitikisa kichwa: bado, amekwama, bado. Kisha wakasikia lori. Liliingia uani kinyumenyume, likanguruma, likazimwa, na watu wote wa benchini wakainua nyuso kwa pamoja. Askari wawili wakaanza kuwaita mmoja mmoja. Mzee mwenye mvi alitangulia. Benchi likawa linapungua kutoka upande ule, likija upande huu.

Walikuwa wamebaki watatu, Beldina, Idil na Nasra, Frankline alipoingia ameloa chapachapa, pasipoti nyekundu imefungwa kwa mfuko wa nailoni. Sajini aliifungua, akaangalia picha, akamwangalia Idil, akaangalia muhuri wa uwanja wa ndege. Kijana aliyevaa kiraia aliichukua akaipindua pindua, kisha akairudisha na kutoka nje.

"Haya, mnaweza kwenda," sajini akasema.

Beldina aliinuka. Idil hakuinuka.

"Na Nasra?"

"Huyo ana yake."

"Yeye amezaliwa hapa," Idil akasema, machozi yakimtoka sasa, na akasema polepole, kila neno mahali pake. "Mimi ndiye mgeni. Yeye amezaliwa hapa. Kwa nini mimi ninatoka?"

Sajini alijishughulisha na kalamu yake. Beldina alimshika Idil mkono akamvuta, na alimvuta kwa nguvu. Alitaka kutoka. Alitaka kuwa upande wa pili wa barabara, na mtoto aliyekabidhiwa, na mlango umefungwa. Huyu mwingine hakumjua jina la ukoo wala la mama.

Nasra mwenyewe ndiye aliyeachilia mkono wa Idil. "Enda," akasema. Kisha akamtazama Beldina. "Simu yangu wamechukua. Mama hajui niko wapi." Akataja namba ya mama yake, haraka, kwa sauti ya chini, na ilipobidi akairudia.

Beldina alitoka akiisema ile namba kimoyomoyo, tena na tena. Nje alimtajia Vivian, Vivian akaiandika kwenye simu. Wakati huo huo Nasra alipandishwa, na lori likawashwa. Beldina alimwona dereva, mtu wa makamo amevaa kofia ya sufu, ameegemeza kiwiko dirishani kama Lusweti afanyavyo, na kabla hajajiuliza mara mbili alikwisha fika chini ya dirisha lile.

"Baba, unawapeleka wapi hawa?"

Dereva aliangalia kioo cha nyuma, akaangalia mlango wa kituo. Akamtajia mahali, bila kugeuza uso, akaondoa gari.

Simu iliita mara moja tu. "Hujambo, mama," Beldina akasema. "Hunijui. Ninakupigia kuhusu Nasra. Yuko mzima. Sikiliza vizuri nikwambie anapopelekwa."

Idil hakumaliza wiki zake sita. Wazazi wake walitaka arudi upesi, naye Frankline, aliyekuwa akiomba msamaha kila akifungua mdomo, alimpeleka uwanjani Jumatatu jioni. Jumamosi na Jumapili hakutoka nje. Alikaa jikoni na Beldina wakipika, na hakuna aliyesahihisha maneno ya mwenzake. Kule kiwandani Matheka alimpa Beldina barua ya onyo, akamwambia aweke sahihi. Beldina alisoma yote kwanza, kila mstari, Matheka amesimama, kisha akamweleza kwamba siku ile alikuwa ameshafanya kazi kwa muda wa saa saba na anataka iandikwe humo. Iliandikwa.

Mama yake Nasra alikuja Shauri Moyo wiki iliyofuata, akiuliza nyumba kwa nyumba anapoishi Mama Vivian. Alileta halua kwenye sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Nasra alikuwa ameachiliwa Jumapili, baada ya mamake kupeleka cheti cha kuzaliwa na mwalimu mkuu wa shule aliyosoma, na kukaa langoni mchana kutwa. Beldina alimimina chai.

"Yule msichana wako ameshaenda?"

"Ameenda. Anapiga simu. Anamuulizia Nasra."

"Nasra hatoki siku hizi," mama yule akasema. "Hata msikitini haendi. Nimemwambia tuje wote, amekataa kupita ile kona."

Beldina aliweka kikombe chini. Alifikiri kidogo, kisha akauliza nyumba yao iko upande gani wa Majengo, na kama Ijumaa, akitoka zamu ya asubuhi, anaweza kupita kumchukua Nasra, wapite ile kona pamoja.

"Muulize mwenyewe," mama yule akasema. "Labda wewe atakusikia."