Kompyuta Iliyovaa Sweta

Kwa miaka mingi nimekana kwamba kompyuta ya mama yangu ilivaa sweta. Kazini nilikana, na hata mume wangu nilimwambia kakangu Mwenda anapenda kutia chumvi. Leo nakubali. Ilivaa sweta ya baba, ya kijani, iliyotoboka viwiko.

Mliokulia Timau enzi zetu mtanielewa. Baridi ya kule ilimfanya hata jogoo achelewe kuwika. Mama alikuwa na kibanda cha kuchapa sokoni: barua, kadi za harusi, vitabu vidogo vya mazishi. Kompyuta aliachiwa na shamba moja la ngano lililokuwa limenunua mpya. Ilitufikia ikiwa tayari mzee, ikakaa utoto wetu wote, kwa sababu ikifa, kibanda nacho kimekufa. Hilo tulilijua kama sala ya chakula.

Kwa hivyo ilitunzwa kama ndama. Jioni ilivishwa sweta. Asubuhi, kabla ya shule, mimi na Mwenda tuliishika mbavuni kuipa joto, mkono wa pili ukiwa na kiazi cha kuchoma.

“Toa huo mkono wa kiazi hapo!” mama alifoka. “Unataka ipate kiungulia?”

Ikikataa kuwaka, niliitwa mimi. Kulikuwa na mahali upande wa kushoto ambapo kofi la wastani liliiamsha. Mwenda alijaribu akashindwa, ndipo akanibandika jina Injinia wa Makofi, likanifuata hadi kidato cha nne. Herufi za kijani zilipotokea kwenye kioo cheusi tulishangilia kama timu yetu imefunga bao.

Hakuna aliyeingia na viatu. Mama alisikia kwamba kompyuta hupata virusi, akaamua vinatoka kwenye matope. Basi mlangoni zilijipanga gambuti, na ndani wakulima wazima walisimama na soksi. Siku moja mzee wa kanisa alifika na soksi iliyotoa kidole gumba, akasitasita mlangoni.

“Ingia tu, mzee,” mama akamwambia. “Kidole hakina virusi.”

Printa ikianza kunguruma, soko zima lilijua kuna mtu anaoa au amekufa.

Mwaka elfu mbili ulipoingia, programu ya mama iligoma. Haikuujua mwaka huo. Mama aliwaza siku nzima, kisha akairudisha kalenda nyuma. Tangu hapo, kila asubuhi aliiambia kwamba tungali mwaka wa themanini na tano, nayo ikaamini na kufanya kazi.

“Si hata mimi mkiniambia nina miaka ishirini nitachapa kazi?” alituuliza.

Ni kadi ya harusi moja tu iliyomponyoka ikiwa na tarehe ya wakati bibi harusi alikuwa bado mtoto wa shule ya nasari. Wageni walifika hata hivyo, na wakala wakashiba.

Kisha nikaenda chuo kikuu. Katika chumba cha kompyuta zinazong’aa, yangu ilikwama, na mkono ukaenda wenyewe upande wa kushoto, paa! Darasa zima liligeuka kunitazama. Kukana kulianza siku hiyo.

Siku hizi binti yangu simu yake ikizubaa kidogo anasema imezeeka, anataka nyingine. Hajawahi kupasha kitu joto kwa viganja vyake akisubiri kiamke, wala hajui furaha ya kukiona kikiamka. Namsikitikia, ingawa yeye ndiye hunisikitikia mimi.

Lakini msomi ni msomi. Mwaka jana nilimpelekea mama laptop mpya, nikamwambia ile ya zamani awape wanunuzi wa vyuma chakavu.

“Hii yako haijui kazi yangu, Kanana.”

“Itajifunza, mama.”

“Haya.”

Nikarudi kwangu Embu nikidhani nimeshinda.

Ijumaa iliyofuata akanipigia simu. Kuna familia ilikuwa imekuja asubuhi kuchapiwa vitabu, mazishi kesho yake. Laptop ikawaambia wangoje, inajisasisha, isizimwe. Saa nne kiduara bado kilikuwa kinazunguka. Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama watu wale walipata vitabu vyao.

“Walipata. Niliwasha ile yangu, saa sita walikuwa wameenda.”

“Na laptop, mama?”

“Nimewapa vijana wa kanisa. Wao wako na wakati.”